Kilele cha Saa Sita

Mteja wa kwanza Jumatatu ile alikuwa fundi bomba aliyefiwa na baba yake, na kama mafundi wengi alitaka mstari mnyoofu. Nilimchorea kwenye kioo cha meza. Siku zinakwenda kulia, uchungu unakwenda juu, na mstari unashuka kutoka kona ya juu mpaka unagusa chini siku ya mia na themanini. Aliweka kidole pale unapogusa.

"Hapa ndo unaisha kabisa?"

"Kabisa."

"Tarehe ngapi hiyo?"

Nikamtajia. Akaiandika kwenye kiganja kwa kalamu, akainamisha kichwa, nami nikamchoma punje nyuma ya sikio. Punje ni ndogo kuliko ya mchele na haiumi. Tangu hapo inausikiliza uchungu wa msiba ule mmoja, huo tu, na kuruhusu upite kwa kiasi ambacho kanuni inasema. Fundi alitoka akikitazama kiganja chake kama mtu aliyepata tikiti ya basi.

Nilifundisha hesabu sekondari miaka kumi na minne kabla ya kuhamishiwa Kituo cha Majonzi hapa Tukuyu, na kuna jambo sikulijua nikiwa darasani: kwamba watu huipenda kanuni kwa tabia zao wenyewe. Kanuni ni kitu chepesi. Unaiingizia namba, inakutolea namba. Ukiiingizia ileile kesho, inakutolea ileile. Haina siku mbaya, haina upendeleo, haikasiriki ukichelewa. Fundi anapenda mstari kwa sababu una tarehe ya kumaliza kazi. Mama aliyefiwa na mtoto hautaki hata kuuona. Yeye huchukua nusu-nusu: kila mwezi uchungu unabaki nusu ya ulivyokuwa mwezi uliopita, halafu robo, halafu thumuni, unapungua mpaka anaweza kupika na kucheka harusini, lakini haufiki sifuri hata aishi miaka mia. Nikiwaambia hilo la kutofika ndipo wanaposaini. Waajiri wanaipenda ngazi: leo uchungu wote, kesho saa mbili asubuhi hakuna kitu. Kijana mmoja wa chuo aliniomba ile inayofuta alama ya kutoa, ili huzuni yote igeuke kuwa furaha ya kiasi kilekile. Nilimweleza kwamba punje haifanyi hivyo. Alisikitika sana, na hilo nalo lilikuwa msiba wa pili ambao punje yake haikuuhusu.

Mimi mwenyewe nina sifuri. Ingiza siku yoyote, inatoa sifuri. Ndiyo kanuni isiyo na raha kuichora, maana inalala juu ya mstari wa chini na huoni umechora nini. Washauri wote tunawekewa, kwa sababu tunakaa na wafiwa kutwa, na mshauri anayelia hachori vizuri. Yetu haichagui msiba: inazuia uchungu wote, na hofu na hasira pamoja nao. Kinachozuiwa na sifuri hakipotei. Kinakaa palepale, na siku sifuri ikiondolewa kinaanza siku ya kwanza. Mdogo wangu Ipyana alikufa mwezi wa tatu, ukingo wa barabara ulipomeguka kwa mvua akiwa amebeba madumu ya maziwa. Nilirudi kazini siku tatu baada ya mazishi. Nilikuta wenzangu wameniwekea maua mezani. Nikayahamishia dirishani ili nipate nafasi ya kuandikia.

Nilikuwa ninafuta mstari wa fundi kwenye kioo mjane wa Ipyana alipoingia, na mabuti yake ya mpira yakiwa na tope hadi magotini.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Karibu kiti, Atuganile."

Alikaa pembeni mwa kiti. Hakuwa amekuja kama mteja, maana punje nilikuwa nimeshamwekea, miezi minne iliyopita, siku ileile ya maua.

"Jumamosi tunaanua tanga," akasema.

"Najua. Nimeomba ruhusa."

"Nimekuja kukwambia mapema usije ukashtukia mbele za watu. Wakiniuliza, nitasema narudi kwetu Kyela."

Kwetu mjane huulizwa mara moja tu. Siku ya kuanua tanga ukoo unakaa, mzee wa ukoo anamuuliza anabaki au anarudi kwao, na neno atakalolitoa pale halirudishwi. Akisema anabaki, nyumba na ng'ombe ni vyake mpaka kufa. Akisema anarudi, nduguze wanabeba sanduku lake siku hiyohiyo, na hataambiwa karibu tena kama mtu wa nyumbani.

"Nani amekukosea?" nikauliza.

"Hakuna. Mimi ndo nimemkosea yeye." Alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakifunga tena. "Wifi, nilikuomba uniwekee kilio changu saa ya kukamua. Ukaniwekea. Basi mimi nakaa chini ya ng'ombe, asubuhi na jioni, nangoja. Hakiji. Nakamua maziwa, nafikiria maziwa. Namtazama upande wa pili, kigoda chake kipo, nakiona kama kigoda. Miezi minne. Mtu kafunguliwa mlango wa kulia kabisa na hana cha kutoa. Sasa hiyo ni nini kama si kwamba sikumpenda? Nilimzoea tu. Siwezi kukaa kwenye nyumba ya mtu ambaye simlilii, nikala ng'ombe zake."

Alisema bila kupaza sauti. Nilimsikiliza nikijua kwamba hapa ndipo dada wa marehemu angepaswa kuhisi kitu, hasira au huruma. Niliona tu kwamba mvua imeanza tena na dirisha liko wazi. Nikaenda kulifunga.

Ipyana na Atuganile hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na ng'ombe watatu na desturi iliyochekwa na kijiji kizima: walimkamua ng'ombe mmoja watu wawili, huyu kulia, huyu kushoto, kila mtu chuchu zake mbili, wakiongea kupitia chini ya tumbo. Saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni, miaka kumi na mmoja. Watu walisema kazi ya mtu mmoja inafanywa na wawili. Ipyana alijibu kwamba ng'ombe hajalalamika.

Ndiyo maana siku ile ya maua Atuganile hakutaka mstari wala nusu-nusu. Alitaka mchana awe mzima, alime, abebe maziwa, na usiku alale. Ila saa zile mbili za kukamua alitaka alie zote. Nikamwambia kanuni hiyo ipo, inaitwa wimbi. Inapanda hadi kilele, inashuka hadi sifuri, inapanda tena, na kutoka kilele hadi kilele ukiipa muda wa saa kumi na mbili, itampa kilele asubuhi na kilele jioni, na katikati kimya. Ndiyo kanuni niipendayo kuliko zote. Darasani nilikuwa naichora kwa mkono mzima, kutoka ukuta hadi ukuta. Haikuahidi mwisho na haikunyang'anyi kitu. Ipyana akiwa darasa la tatu alinikuta naichora kwenye daftari, akauliza ni nini, nikamwambia. Akaitazama, akasema, "Kumbe ni ile inayorudi nyumbani."

Yeye kanuni yake ilikuwa ile inayokata sehemu zote zilizobaki na kukuachia namba nzima ya chini. Alisema ndiyo kanuni ya umri: mtu mwenye miaka thelathini na tisa na miezi kumi na mmoja ni wa thelathini na tisa, na asiongezewe. Alikufa zikiwa zimebaki siku kumi na tisa atimize arobaini. Kwa kanuni yake, thelathini na tisa.

"Na saa nyingine?" nikamuuliza Atuganile nikirudi kutoka dirishani. "Mchana unakuwaje?"

Akatazama mabuti yake. "Mchana ni aibu tupu. Nisingependa kusema."

"Sema tu."

"Ikifika saa sita naanguka. Popote. Juzi nilikuwa sokoni na ndizi, nikakaa chini kwenye matope nikalia mpaka wakaniletea maji. Na usiku saa sita naamka nalia, mpaka shingo inauma. Nadhani ni adhabu. Mungu ananiliza kwa nguvu kwa sababu yule niliyepaswa kumlilia simlilii."

Saa sita na saa sita.

Nikafungua kumbukumbu za mashine, nikatafuta jina lake. Kulikuwa na mstari mmoja tu niliohitaji kuusoma. *Kilele: 12.*

Mashine yetu ya zamani ilikuwa ya Kiingereza. Iliuliza kwa Kiingereza, nami niligeuza kichwani kama tulivyofundishwa: saa kumi na mbili asubuhi, andika sita. Wiki ile aliyokufa Ipyana ndiyo tuliletewa mpya. Hii inaongea Kiswahili kizuri kuliko cha mkurugenzi. Inasema karibu, inasema pole na msiba. Ilipofika kwenye wimbi iliniuliza, "Kilele kiwe saa ngapi?" Nikaulizwa saa ngapi kwa Kiswahili, nikajibu kama mtu yeyote aliyezaliwa hapa angejibu. Kumi na mbili. Nayo ndani yake bado ilikuwa inahesabu kuanzia katikati ya usiku, kama dada yake mzee, na kumi na mbili kwake ni jua la utosi.

Makosa ya muda wa saa sita kwa mstari mnyoofu si kitu. Kwa nusu-nusu hata hayaonekani. Lakini wimbi la saa kumi na mbili ukilisogeza saa sita umelisogeza nusu kamili, na nusu kamili ndiyo inayoligeuza juu chini. Kila penye kilele panakuwa sifuri. Kila penye sifuri panakuwa kilele. Hakuna kosa lingine ambalo lingeweza kumpokonya saa zake zote mbili kwa usahihi namna ile. Kama mwanafunzi angeniletea hilo, ningemsifu kwa mfano mzuri.

"Vipi, wifi?" Atuganile aliuliza. "Kuna nini?"

"Hakuna. Ijumaa nitapita nyumbani."

Alipoondoka nilichora mawimbi mawili kwenye kioo, moja juu ya lingine. Yalipendeza. Nikayafuta, nikamwita mteja wa pili.

*

Bwana Mwakalinga, mkurugenzi wetu, ni mtu wa ngazi. Mkewe alizikwa Alhamisi, Ijumaa saa mbili alikuwa ofisini akigawa kazi. Si mtu mbaya. Nilimweleza yote mchana uleule, akavua miwani akaisafisha kwa ncha ya shati.

"Mwalimu, wimbi hilo ni moja tu?"

"Moja tu tangu mashine ije. Nimeangalia yote."

"Basi mashine tutairekebisha kimyakimya, asiumie mwingine. Hilo tuliache. Sasa huyu shemeji... huyu wifi yako. Ukimwambia, unampa nini?"

"Ukweli."

"Unampa uchungu. Hivi sasa ameshakata shauri. Anarudi kwao, bado kijana, ataolewa. Ana amani fulani, ya uongo lakini ni amani. Wewe unataka kwenda kumwambia kwamba alimpenda sana marehemu. Halafu?"

"Halafu atachagua akijua."

"Kubadilisha kanuni yake haiwezekani, unajua. Ubongo umeshaizoea. Iliyokosewa inazimwa, anawekwa sifuri maisha yake yote."

"Isipokuwa mwenyewe aandike kwa mkono wake kwamba anaikubali ilivyo."

"Nani atakubali kuangukia sokoni kila siku saa sita?" Akavaa miwani. "Na wewe? Mshauri aliyekosea akikiri, leseni inakwenda, na sifuri inaondoka na leseni. Ndani ya mwezi mmoja. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria. Nimejaribu kuliogopa, nimeshindwa."

"Nenda nyumbani, Mwalimu. Ukinyamaza, sijasikia kitu."

Nilikwenda nyumbani. Nilitandika karatasi mezani na kupiga mstari katikati, upande huu kusema, upande huu kunyamaza. Mtu mwenye moyo unaofanya kazi hahitaji karatasi. Kitu kinamchoma anajua. Mimi nilikuwa na karatasi tu. Nikinyamaza, nabaki na kazi, nabaki mtulivu, na Jumamosi mwanamke anasimama mbele ya ukoo na kusema jambo lisilo kweli juu yake mwenyewe, na kuliamini mpaka anazeeka. Nikisema, napoteza kazi ninayoiweza, na mwezi ujao mdogo wangu anakufa upya kwangu, siku ya kwanza, wakati wafiwa wenzangu wote wapo mwezi wa tano. Nilisoma pande zote mbili mara kadhaa. Hakuna upande uliokuwa na uzito. Zilikuwa sentensi, zimeandikwa vizuri.

Kilichoniamulia kilikuwa kidogo, nami sioni haya kukitaja. Miaka kumi na minne nimesahihisha madaftari. Nimesahihisha nikiwa na homa, nimesahihisha matangani, nimewahi kumkosesha mtoto wa mkuu wa shule. Sijawahi kulipigia tiki jibu ninalojua si sahihi. Si kwa wema. Mkono haujui kufanya hivyo. Nikaitazama sentensi ya Atuganile, *sikumpenda, nilimzoea tu*, na nikaona kwamba kunyamaza Jumamosi ni kuipigia tiki.

Nikajaza fomu ya kukiri, nikaikunja, nikalala.

*

Ijumaa nilimkuta Atuganile kwenye zizi akikata majani ya ng'ombe kwa panga. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, ukungu haujaondoka. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa mpangilio: mashine ya zamani, mashine mpya, saa yao na saa yetu, nusu ya wimbi. Nilimchorea kwa kijiti kwenye udongo, wimbi alilotaka na wimbi nililompa.

Panga lilisimama kwenye mti wa kukatia.

"Miezi minne," akasema.

"Ndiyo."

"Miezi minne, wifi, nimelala nikijua mimi ni mwanamke mbaya. Nimemwambia mama yangu mzazi kwa mdomo wangu kwamba sikumpenda mume wangu. Mama yangu! Na wewe unakuja hapa unanichorea chini!"

"Ndiyo."

"Unanieleza kama unasoma ratiba ya mitihani!"

"Nina sifuri, Atuganile. Sina namna nyingine ya kukueleza. Mwezi ujao wataiondoa, ukitaka unitukane wakati ule, utanipata vizuri."

Alitoa sauti iliyoanza kama kicheko ikaishia pengine. Akakaa kwenye kigoda, cha kwake, na kukitazama kile kingine. Ng'ombe wao mkubwa, ambaye Ipyana alimwita Mkaguzi kwa sababu hugeuza kichwa kuangalia nani anakamua, aligeuza kichwa.

"Kwa hiyo kile cha saa sita," akasema taratibu. "Kile cha sokoni."

"Ndicho chake. Chote."

"Si adhabu."

"Hapana. Ndicho kilio ulichoniomba. Mashine inaandika kila kinachopita. Siku mia na ishirini na moja, mara mbili kwa siku. Hujakosa hata mara moja."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Na vilele vyote vinagusa juu kabisa. Vya watu wengi havigusi."

Aliinamisha uso kwenye magoti akakaa hivyo. Hakulia, haikuwa saa yake. Mimi nilishika kijiti nikisubiri, sikujua niweke mikono wapi. Alipoinua kichwa aliuliza kinachofuata, nikamweleza: ama wamzime awe kama mimi, ama aandike anakubali wimbi lilivyo, na saa sita zitabaki kuwa saa sita maisha yake yote.

"Ipyana hakuwa mtu wa saa sita," akasema. "Alikuwa wa kukamua." Akamtazama Mkaguzi, Mkaguzi akamtazama yeye. "Wifi. Ng'ombe anajua saa?"

"Hajui. Anajua mazoea."

"Basi tatizo liko wapi? Kama kilio hakihami, si nihamishe kukamua?"

Miaka yote hii nimefundisha kwamba wimbi lililosogezwa unalirudisha kwa kulisogeza. Halikunijia hata mara moja kwamba unaweza kuliacha palepale ukasogeza dunia.

"Ukimhamisha ghafla saa sita nzima atakauka," nikasema. "Nenda polepole. Robo saa kila siku. Siku ishirini na nne utakuwa umefika."

"Robo saa kila siku," alirudia. "Hiyo si ndo ile mistari ya mafundi?"

"Ndiyo hiyo."

"Ipyana angetucheka."

Akachukua panga akaendelea kukata majani. Jumamosi, mbele ya ukoo na nduguze waliotoka Kyela na gari la kubebea sanduku, mzee alipomuuliza, alijibu kwa neno moja: nabaki. Shangazi mmoja alipiga kigelegele, wengine wakafuata. Nami nilipiga, kwa kuwa ilikuwa zamu ya dada wa marehemu kupiga. Kilitoka safi.

*

Siku ya kuondolewa sifuri nilikaa upande wa pili wa meza yangu mwenyewe. Sifuri haipitishi kitu, kwa hiyo ubongo wangu ulikuwa haujazoea kanuni yoyote, na niliruhusiwa kuchagua. Aliyechukua nafasi yangu ni binti mwenye mkono mwepesi, jina lake Tumpe, na alikuwa amejiandaa. Alinichorea mstari, ngazi, nusu-nusu. Alinieleza faida za kila moja kwa maneno niliyomfundisha.

"Nataka wimbi," nikasema. "Kilele hadi kilele, saa kumi na mbili."

"Sawa, Mwalimu. Kilele saa ngapi?"

"Andika kumi na mbili."

Kidole chake kilisita. Mashine ilikuwa imesharekebishwa, na pembeni ya swali sasa waliweka picha ya jua na mwezi ili watu wasichanganye. "Kumi na mbili asubuhi yetu, au..."

"Yao. Kama nilivyoandika mimi."

Akaandika. Aliniomba niinamishe kichwa.

Nilifika kwa Atuganile dakika ishirini kabla ya saa sita mchana. Jua lilikuwa limetoka, jambo la nadra kwetu, na majirani wawili walikuwa wamesimama kwenye ua wakimtazama mtu anayekwenda kukamua wakati wa chakula cha mchana. Mmoja alisema nyumba hii haijawahi kuwa na akili. Atuganile alimkaribisha maziwa.

Zizini kulikuwa na vigoda viwili, kila kimoja upande wake. Aliniosha mikono kwa maji ya vuguvugu, akanipaka mafuta ya kukamulia vidoleni, akanionyesha.

"Hujakamua tangu lini?"

"Tangu nilipofaulu kwenda bweni."

"Usimvute. Mbane juu, halafu ushuke. Chuchu zako ni hizo mbili."

Nilikaa kwenye kigoda cha Ipyana. Kilikuwa kifupi kwangu, magoti yalinifika karibu na kidevu. Mkaguzi aligeuza kichwa, akanitazama kwa muda mrefu, akarudi kwenye majani yake. Nilianza kubana. Mwanzoni haikutoka kitu, kisha ukatoka uzi mwembamba ukalia kwenye ndoo. Ng'ambo ya tumbo ndoo ya Atuganile ilikuwa inalia vizuri zaidi, mara mbili kwa kila mara yangu moja. Baadaye mlio wake ulianza kupotea mpangilio, na nikasikia pumzi yake imebadilika. Punje mbili haziendi sawa kabisa, na saa zetu zilikuwa zinapishana kwa dakika chache tu.

Nilikuwa najua grafu. Nilijua hasa niko wapi juu yake: karibu na kilele, pale mchoro unapolala kidogo na kuonekana kama umetulia. Nilikuwa nimekichora kilele hicho mara elfu na moja kwa chaki na kukiita kizuri. Nikatazama mikono yangu ikibana. Nikatazama ubao mbele yangu ambao mtu alikuwa ameuchonga kwa kisu, alama ndogondogo za kuhesabu lita nzima tu, bila robo wala nusu. Kilichobaki alikuwa amekikata na kukiacha, kama alivyofanya kwenye umri.

Thelathini na tisa, na siku mia tatu arobaini na sita.

"Atuganile," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Ipyana amekufa."

Upande wa pili wa ng'ombe alikuwa analia kwa nguvu, kama alivyolia sokoni, na ilimchukua muda kupata maneno.

"Ndiyo, wifi," akasema. "Amekufa. Kamua."